Kuvuta

Kwa macho matupu, ng'ambo ya bonde la Gldani
ni ukuta tu wa zege wenye vidoa.
Navuta.
Mara kumi: vidoa ni madirisha.
Mara arobaini: dirishani pana mtungi wa matango ya siki
na paka aliyenuniana na kioo.
Mara themanini picha inaanza kuchemka,
rangi zinaachana mikono,
kijani hakijui tena kilikuwa cha tango au cha jicho,
na hapo ndipo ninapopapenda.

Mtu akitia sarafu kwenye lifti yetu
jengo linashtuka,
na kule mbali, ndani ya fremu, mji mzima unayumba:
tetemeko la ardhi la tetri ishirini.
Mama anapita na sufuria. Tetemeko jingine.
"Tsiuri, umeona nini leo?"
"Mwanamume juu ya paa, anavuta sigara."
"Na wewe unamvuta yeye."
Anacheka peke yake mpaka jikoni.

Lenzi huvuta sura. Haivuti harufu,
haivuti sauti; kikohozi cha yule bwana
kilinifikia kama mabega tu.

Kila Alhamisi, ghorofa ya kumi, mwanamke huvuta kamba.
Kapi linazunguka, nguo zinatoka juu ya utupu
moja moja, kama watoto wanaoitwa majina darasani.
Taulo. Foronya. Soksi zisizojuana.
Mwisho kabisa shati la bluu, la kiume.
Wiki ya kwanza sikulitilia maanani.
Wiki ya sita nilivuta hadi kwenye kola:
haina mkunjo, haina alama ya jasho,
hakuna shingo iliyopita mle siku nyingi.
Alikuwa anafua shati safi.
Alikuwa anaanika shati safi.
Nilirekodi dakika kumi na nne
za kiganja chake kikilinyoosha bega.

Macho hayana pazia, husemwa,
na husemwa mara nyingi na mwenye macho.

Alhamisi ya saba alitoka na shuka moja tu.
Hakutazama huku na huku. Alinitazama mimi.
Mita mia sita, na alinipata bila lenzi.
Hakukunja uso. Alilibana lile shuka jeupe,
akavuta kamba, akavuta,
mpaka likajaa fremu yangu pembe kwa pembe.

Nikainua shingo ya kamera.
Juu hapakuwa na mwenye dirisha.
Nilipata kutu chini ya bawa la ndege ya abiria.
Nilipata mwezi, nikakaza skrubu zote, nikakunja mikono,
na bado ukatoka kwenye fremu kwa dakika mbili
kama mgeni asiyependa kuaga.
Haukukimbia. Sisi ndio tuliokuwa tunabingirika,
na lifti, na mama, na sufuria yake ya maharagwe.

Shati nililifuta. Dakika zote kumi na nne.
Zaal, binamu yangu, ana chumba cha chini
kilichokuwa tanuri la mkate;
tulionyesha pale mwezi, kutu, moshi wa paa,
na shuka, bila kulikata, likivuta pumzi ukutani.
Watu walisimama mbele yake wameshika glasi.
"Wingu zuri," alisema mmoja.
"Ulilipata wapi?"

Kesho yake nilivuka bonde kwa miguu.
Lifti yao nayo inakula sarafu.
Kwenye mlango, kibati: Eteri, na jina la ukoo limekwanguliwa.
Alifungua akiwa na unga mikononi.
Ni mfupi kuliko nilivyomkuza.
"Umekuja kusoma mita ya gesi?"

Nyuma yake, dirishani, kamba tupu.
Nyuma ya kamba, jengo letu:
ukuta wa zege, vidoa.
Nilitafuta changu. Sikukiona.